Hela ya Tabora na Alama za Tupa

Bibi yangu mzaa mama alitunza hela moja ya shaba katika pindo la khanga. Alipofariki mwaka 1971 pindo likafunguliwa, hela ikaja kwangu. Ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Wakati huo nilikuwa mwanagenzi katika karakana ya reli, mkono umezoea tupa na msasa, nikaona heshima ya marehemu ni kuing'arisha. Nikaisugua kwa majivu na ndimu, nikamalizia kwa msasa laini. Asubuhi nikampelekea fomeni wetu kwa majivuno. Akaigeuza chini ya lenzi yake kimya, akanirudishia.

“Huyu alikuwa shahidi,” akasema. “Umemkata ulimi.”

Ilinichukua miaka kumwelewa mzee yule.

Neno hela lenyewe limetokana na heller ya Wajerumani. Kabla ya mwaka 1904 rupia ya koloni lao la Afrika Mashariki iligawanywa katika pesa 64. Mwaka huo ikaanza kugawanywa katika heller 100. Sarafu zilipigwa Ujerumani, zenye alama A kwa Berlin au J kwa Hamburg, zikaletwa kwa meli. Vita vilipoanza mwaka 1914, Waingereza wakaziba bahari. Serikali ya koloni ikachapa noti za dharura, lakini noti huchanika, huloa, huliwa na mchwa, na koloni lilibaki na njaa ya sarafu.

Ndipo mwaka 1916 Tabora ikapiga sarafu zake. Reli ya Kati ilikuwa imefika mjini mwaka 1912, na pamoja nayo zikaja karakana zenye mashine. Kazi ikafanyika katika karakana ya reli pale Lulanguru, nje ya mji. Zikatoka heller 5 na heller 20, zikiwemo za shaba ya njano iliyotokana na maganda ya makombora. Zikatoka pia sarafu za dhahabu za rupia 15, jumla 16,198, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke kule Iramba. Upande mmoja kuna tai wa dola, upande wa pili tembo amesimama mbele ya mlima. Dai zake, yaani vile vyuma vigumu vinavyobeba picha na kuipiga kwenye sarafu, zilichongwa kwa mkono na sonara Msinhala kutoka Ceylon.

Hapo kwenye dai ndipo kazi yangu inapokutana na historia. Kisahani cha chuma laini huwekwa kati ya dai mbili, kikabanwa kwa nguvu mpaka kikatiririka, ndiyo, kikatiririka kama unga mzito, na kujaza kila shimo la dai. Chuma hicho hakijui kipi ni picha na kipi ni uzembe. Mkwaruzo wa tupa uliosahaulika juu ya dai hujazwa kwa utiifu uleule unaojaza manyoya ya tai. Kwa hiyo kuna kanuni ambayo kila fundi anapaswa kuijua: mstari uliozama kwenye sarafu ni jeraha la barabarani, la mfukoni, la mtoto aliyeichezea; mstari ulioinuka umetoka kwenye dai, ulizaliwa na sarafu. Dai ikipata ufa, ufa huo huonekana kwenye sarafu kama mshipa uliovimba.

Ulaya, dai nyingi hunakiliwa kutoka chuma kimoja cha mama, hivyo sarafu hufanana kama mayai. Tabora kila dai ilikuwa na mwandiko wake. Ndiyo maana wakusanyaji huzipanga heller 20 za mwaka 1916, zile zenye herufi T ya Tabora, kwa mambo madogo mno: taji kubwa au taji dogo, na ncha ya herufi L katika neno HELLER, imejikunja au imechongoka.

Nami niliwahi kupata somo hilo kwa aibu. Miaka kadhaa baada ya msiba wa bibi, nilitengeneza dai ya vifungo vya shaba vya sare, kwa mteja mmoja wa mjini. Uso wa dai niliupitisha msasa haraka haraka, nikaamini udogo wa kifungo utaficha kasoro. Ikawa kinyume. Vifungo vilitoka na michirizi, na herufi hazikujaa. Niliongeza nguvu ya mashine, dai ikapasuka.

Kosa langu lilikuwa kudhani kitu kidogo ni kitu kikubwa kilichopunguzwa. Fikiria wali. Sufuria kubwa ina ukoko kidogo na wali mwingi. Kikombe cha wali karibu chote ni ukoko. Kadiri kipande cha chuma kinavyopungua, ndivyo sehemu inayogusana na dai inavyotawala, na msuguano nao hutawala. Watafiti wa Erlangen, Ujerumani, walilionyesha hilo kwa vipande vya shaba ya njano, kuanzia upana wa milimita 4 hadi nusu milimita: vilivyopakwa mafuta vilizidi kupata msuguano kadiri vilivyopungua. Mafuta yaliyonaswa katika vishimo vidogo vya uso wa kipande, pale katikati, hayana pa kutokea, hivyo husaidia kubeba mzigo. Yaliyo ukingoni hukamuliwa nje. Kipande kidogo karibu chote ni ukingo. Heller 20 ina upana wa milimita 29, lakini mguu wa herufi L ni mwembamba kuliko punje ya mchele, na kuta za mfereji wake zikiwa na makwaruzo, shaba hukataa kupanda.

Kwa hiyo nikiona heller ya Tabora ambayo herufi zake zimejaa na kusimama, siwazi vita kwanza. Nawaza mtu aliyeinama juu ya chuma, akiisugua mifereji ile midogo kwa subira, huku majeshi yakikaribia. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora, na sarafu za herufi T zikawa zimefika mwisho.

Hela ya bibi bado ninayo. Inang'aa, na haisemi kitu: michirizi yote iliyobaki juu yake ni ya msasa wangu. Ukikuta nyingine sandukuni, nyeusi na yenye kutu ya kijani, ioshe kwa maji matupu, uikaushe kwa kitambaa, uiache na weusi wake.