Kompyuta Kuukuu kama Hati ya Historia: Mtazamo kutoka Pajulu

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mradi wa kompyuta wa Wizara ya Fedha kushindwa. Uganda, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2009, ilizuia kompyuta zilizokwisha kutumika, kwa hofu ya taka. Kwa mwanahistoria aliyeko Pajulu, mbali na Kampala, marufuku hii ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, kwani kompyuta ya mtumba ndiyo iliyonunulika. Mashine hiyo ni hati: ina lebo ya ofisi ilikotoka, mpangilio wa herufi za kibodi, pengine na mafaili yaliyosahauliwa. Fundi akiibomoa kutafuta shaba, hati hupotea kabla ya kusomwa. Tuziorodheshe sasa, hata zile zisizowaka.