Kijiji Kisichofunga Milango



Kila tunapozungumza juu ya usalama katika vikundi vyetu, mazungumzo huanza na hesabu. Mwaka huu wameibiwa wangapi? Ameuawa nani, na wapi? Baada ya hesabu huja swali lingine, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: ni nani aliyefanya? Hilo la pili ndilo linalonitia hofu, maana nimeona likijibiwa kabla ya mtu yeyote kuchunguza. Kwa hiyo leo nawapeleka mbali, katika kijiji kimoja cha Marekani ambacho hakikuwa na habari za uhalifu hadi usiku mmoja wa mwaka 1959. Mauaji yenyewe nitayapitia kwa haraka. Ninachotaka tukitazame ni majuma sita yaliyofuata, na kijana mmoja Mkatoliki aliyejikuta katikati yake.

Kijiji hicho huitwa Holcomb. Kiko katika wilaya ya Finney, magharibi mwa jimbo la Kansas (nasema jimbo la serikali, si la askofu). Ni nchi tambarare ya ngano na ng'ombe, ambako upepo hauna mlima wa kuuzuia na maghala ya nafaka huonekana muda mrefu kabla ya nyumba. Wakati huo Holcomb ilikuwa na watu wapatao 270, na wilaya nzima, pamoja na makao yake makuu Garden City, ilikuwa na watu kama 16,000. Watu walijuana kwa majina na kwa mashamba. Usiku wengi walilala bila kufunga milango kwa ufunguo. Wasiitwe wajinga kwa hilo. Maisha hayakuwa yamewapa sababu ya kufanya vingine.

Mkulima aliyeheshimiwa kuliko wengine alikuwa Herbert Clutter, mwenye miaka 48. Alikuwa Mmetodisti, mtu asiyekunywa pombe, mmoja wa waliosimamia ujenzi wa kanisa lao mjini. Aliwalipa wafanyakazi wake vizuri, na kila deni alililipa kwa hundi. Jirani zake walijua kwamba hatembei na fedha mfukoni. Alikaa na mkewe Bonnie na watoto wawili waliobaki nyumbani, Nancy wa miaka 16 na Kenyon wa miaka 15. Wasichana wawili wakubwa walikuwa wamekwisha kuondoka.

Usiku wa kuamkia Dominika tarehe 15 Novemba 1959, wanaume wawili waliingia katika nyumba hiyo kwa mlango usiofungwa. Walikuwa wamesafiri zaidi ya kilomita 600 kutoka mashariki mwa jimbo, wakitafuta sanduku la chuma lenye maelfu ya dola. Sanduku hilo halikuwepo, wala halijapata kuwepo. Waliwafunga watu wote wanne kwa kamba, wakawaua, kisha wakaondoka na redio ndogo, darubini, na fedha zisizofika dola 50. Asubuhi, wasichana wawili, marafiki wa Nancy, walifika ili waende kanisani pamoja na jamaa hiyo, kama walivyozoea. Hao ndio waliomkuta.

Niruhusuni hapa niwe mwalimu kidogo. Wataalamu hupima mauaji kwa kila watu 100,000. Watu 4 katika wilaya ya watu 16,000 ni sawa na 25 kwa 100,000, na wakati ule kipimo cha Marekani nzima kilikuwa karibu 5. Kwa kufuata hesabu hiyo, Finney ilikuwa hatari mara tano kuliko nchi yake, ilhali jana yake ilikuwa miongoni mwa wilaya tulivu. Je, watu wa Finney walikuwa wamegeuka wabaya kwa usiku mmoja? La. Mahali penye watu wachache, tendo moja hupindua hesabu nzima. Msiidharau takwimu, lakini mkiambiwa kwamba kijiji fulani ni cha wauaji, ulizeni kwanza kina watu wangapi, na ni matendo mangapi yaliyohesabiwa, na kwa miaka mingapi.

Basi, watu wa Holcomb walifanya nini? Walinunua makufuli. Madukani makomeo yaliuzwa kuliko bidhaa nyingine, na nyumba ambazo zamani zilizima taa mapema ziliwaka usiku kucha. Wengine walihama kabisa. Hilo tunaweza kulielewa. Jambo zito zaidi lilikuwa hili: karibu kila mtu aliamini kwamba muuaji ni mmoja wao. Waliwaza: mgeni angejuaje nyumba ile, na angekuwa na chuki gani na mtu mwema kama yule? Lazima ni jirani, ni mtu wa shamba, ni mtu aliyekorofishana naye juu ya mpaka au juu ya mali. Katika mkahawa wa kijiji watu waliokuwa wakinywa kahawa pamoja kwa miaka mingi walianza kuchunguliana nyuso. Mfanyakazi wa Bwana Clutter, aliyekaa hatua chache tu kutoka nyumba ile, alisema hakusikia kitu. Mnaweza kufikiri maneno hayo yalivyopokelewa.

Na palikuwa na yule kijana.

Alikuwa mwanafunzi, mchezaji wa mpira wa kikapu, rafiki wa Nancy. Bwana Clutter hakupendezwa na urafiki huo kwa sababu moja: jamaa ya kijana ilikuwa ya Wakatoliki, na yeye Mmetodisti hakuona jinsi utakavyofikia ndoa. Jumamosi ile jioni kijana alikuwa nyumbani kwa akina Clutter akitazama televisheni pamoja nao, akaondoka usiku. Ndiye mtu wa mwisho anayejulikana kuwaona wakiwa hai. Yapangeni hayo mfululizo: msichana, baba anayekataa, tofauti ya dini, na mtu wa mwisho kuondoka nyumbani. Nani kati yetu asingemtaja? Nitakiri kwamba nilipoisoma habari hii mara ya kwanza, bila kujua mwisho wake, hata mimi nilimtaja moyoni.

Walinzi wa sheria nao walimfikiria yeye kwanza. Walimwita, wakamhoji kirefu, wakampima kwa ile mashine inayosemekana kutambua uongo. Kisha, kwa kuwa hawakuona kitu cha kumtia hatiani, walimwachia aende zake. Hakuna aliyekwenda usiku kuchoma nyumba ya baba yake. Kijiji kilimtazama kwa jicho baya, na hilo peke yake ni mateso kwa kijana aliyefiwa na rafiki. Lakini hakuna aliyemgusa.

Lazima niseme kwa nini jambo hili dogo linanikaa moyoni. Miaka ya nyuma, mahali nilipokuwa nikifundisha, mbuzi wa mjane mmoja alipotea. Kabla ya jua kutua jina lilikuwa limekwisha kupatikana: kijana aliyekuja kutafuta kazi ya kulima, asiye na ndugu pale. Alipigwa hadi mkono ukavunjika. Kesho yake mbuzi alionekana kichakani, kamba yake imenasa kwenye kisiki. Mimi nilikuwepo. Nilisema maneno machache, tena kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia, kisha nikarudi nyumbani kusahihisha madaftari.

Tuendelee. Uchunguzi uliongozwa na Alvin Dewey, wa Idara ya Upelelezi ya Kansas, mtu aliyekaa Garden City na aliyekuwa rafiki wa marehemu. Angeweza kuongozwa na hasira. Badala yake yeye na wenzake walishika vitu vidogo: kamba, mafundo, na alama za viatu. Picha zilizopigwa chini ya nyumba zilionyesha alama ya soli ambayo macho ya watu hayakuwa yameiona. Kwa majuma kadhaa hawakuwa na zaidi ya hayo, na watu waliwalaumu kwa uvivu.

Ukweli ulitoka gerezani. Katika gereza la Lansing alikuwamo mfungwa aitwaye Floyd Wells, ambaye miaka kumi hivi nyuma alifanya kazi katika shamba la Clutter. Humo gerezani alikaa chumba kimoja na Richard Hickock, na katika soga za kupitisha muda alimsifia bwana wake wa zamani, utajiri wake, na sanduku la chuma alilodhani aliliona. Hakukusudia ubaya. Lakini mwenzake aliuliza tena na tena: nyumba ikoje, ofisi iko wapi. Neno moja la kubahatisha lilisafiri kilomita zile zote likaingia kwa mlango usiofungwa. Wells aliposikia redioni habari za mauaji alijua mara moja, akanyamaza, maana mfungwa anayesema siri za wafungwa hana usalama. Mwandishi Truman Capote, aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya habari hii mwaka 1966, anaeleza kwamba Wells alimfungulia moyo mfungwa mwingine, Mkatoliki mcha Mungu, naye ndiye aliyemhimiza aende kwa wakubwa. Jina la mfungwa huyo halikutajwa.

Tarehe 30 Desemba Hickock na mwenzake Perry Smith walikamatwa Las Vegas, ndani ya gari la wizi. Vile viatu walikuwa navyo, katika sanduku walilokuwa wametoka kulichukua posta. Hapo wapelelezi walifanya kile mnachokijua kutoka kitabu cha nabii Danieli, sura ya 13, ambayo sisi Wakatoliki tunayo katika Biblia yetu. Suzana alikuwa akipelekwa kuuawa, na watu wote wamekwisha kusadiki, kwa kuwa walioshuhudia walikuwa wazee wenye heshima. Danieli, naye kijana, alilisimamisha kundi, akawatenga wale wazee, akamwuliza kila mmoja peke yake: ulikuwa mti gani? Huko Las Vegas nako watuhumiwa walihojiwa kila mmoja katika chumba chake. Hadithi yao ilikuwa moja, kwamba siku ile walikuwa mji mwingine kumtafuta dada yake Smith, na kwamba waliulizia anwani yake posta. Lakini posta ya mji ule ilikwisha kufungwa Jumamosi ile mchana. Hickock alikiri kwanza, Smith akafuata.

Kati ya hao wawili, Smith ndiye anayetusumbua sisi watu wa Kanisa. Mama yake alikuwa mlevi, wazazi waliachana, naye alitupwa huku na huko. Alisimulia kwamba katika nyumba ya yatima iliyoongozwa na masista alipigwa sana kwa sababu ya kukojoa kitandani. Hayo ni maneno yake mwenyewe, tena ya mtu aliyeua. Walakini sioni haki ya kuyaruka katika ukurasa huu kwa kuwa tu yanatugusa. Wengi hupigwa utotoni wasiue mtu. Yeye pia alikuwa na uwezo wa kuchagua, na Bonnie Clutter hakuwa amemkosea lolote. Mwanajeshi mmoja Mkatoliki, aliyepata kutumika pamoja naye, alisikia habari, akamwandikia, akasafiri kuja kuketi naye kula gerezani. Hakudai kwamba hana hatia. Alikuja tu.

Kesi ilisikilizwa Garden City mwezi Machi 1960, na baraza la wazee wa mahakama halikuchukua hata saa moja kutoa uamuzi. Wote wawili walinyongwa tarehe 14 Aprili 1965. Kansas ilikuwa imefuta adhabu ya kifo mwaka 1907 ikairudisha mwaka 1935. Tangu mwaka huo wa 1965 haijamwua mfungwa yeyote. Kanisa, tangu Agosti 2018, linafundisha katika Katekisimu kwamba adhabu hiyo haikubaliki. Nasi mnajua kwamba mwezi Machi 2024 serikali yetu iliondoa usitishaji uliodumu tangu mwaka 2003. Hilo mlijadili kwa utulivu katika vikundi, pamoja na mapadri wenu. Ni neno refu kuliko ukurasa huu.

Wauaji walipotajwa, Holcomb haikufurahi kama ilivyotazamiwa. Capote anaandika kwamba baadhi ya watu walikaribia kuvunjika moyo, kana kwamba walikuwa wamekwisha kuizoea ile habari ya muuaji wa jirani, wakashindwa kuiacha. Wageni wawili wasiomjua mtu yeyote pale hawakuwatosha. Kufuli liliondolewa upesi kuliko wazo.

Yule kijana hakuhama. Alioa, akawa mkulima, akazeeka karibu na kijiji kile kile, kati ya watu waliowahi kumshuku, akinunua katika maduka yao na kupishana nao barabarani. Mwaka 2009 wenyeji waliweka jiwe la ukumbusho wa jamaa ya Clutter katika bustani ya Holcomb, na juu yake wakaandika habari za maisha yao.