Muyaka na Habari Zilizomo Ndani ya Beti

Msomaji mpenzi, pengine umepata kuusikia wimbo wa Billy Joel wa Marekani, uliotoka mwaka 1989, ambao majina ya watu na mambo ya dunia hupita ndani yake mbio mbio, moja juu ya jingine, tangu mwaka 1949 aliozaliwa mwimbaji huyo. Asiyejua habari za miaka hiyo husikia mdundo tu. Wanafunzi wangu huuimba bila kukosea neno. Nikiwauliza maana, hucheka.

Nasi wa Mombasa tunayo maradhi hayo hayo. Muyaka bin Haji, aliyezaliwa mjini humu kiasi cha mwaka 1776, alitunga beti za mishororo minne, kila mshororo mizani 16. Katika nafasi ndogo hiyo hakusimulia vita. Alivigusa tu, kwa kuwa waliomsikiliza barazani walikuwamo vitani, wao au baba zao. Aliposema Gongwa, nani asiyejua kuwa ni Mombasa?

Wewe wa leo huna budi kujua zaidi. Zama hizo ukoo wa Mazrui ndio uliotawala kutoka katika Ngome. Kiasi cha mwaka 1812 Mombasa na Pate ziliiendea Lamu kwa vita, zikashindwa vibaya huko Shela. Mwaka 1824 Mazrui wakajiweka chini ya bendera ya Kiingereza mikononi mwa Kapteni Owen, ili wamzuie Sayyid Said wa Oman. Mwaka 1826 bendera hiyo ikashushwa. Sayyid akaja na merikebu zake mara kwa mara, hata mwaka 1837 akaupata mji, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa, wakahamishiwa Bandar Abbas. Muyaka, rafiki wa watawala hao, aliyaona yote kabla ya kufa kiasi cha mwaka 1840. Usome majigambo yake bila kuijua Shela, utadhani ni kiburi cha mtu mmoja. Kumbe ni mji unaoujibu mji, kwani washairi wa Lamu nao hawakunyamaza.

Lakini maelezo haya yangalipotea. Muyaka alikufa na mashairi yake hayajapigwa chapa. Aliyeyakusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, akayafafanua kwa padre wa Kiingereza, W. E. Taylor. Sikujua alifariki mwaka 1890, nusu karne baada ya Muyaka. Fikiri, msomaji: laiti Taylor angalichelewa miaka michache tu, tungalibaki na maneno matamu yasiyo na mwenye kuyafungua.

Diwani yenyewe ilitolewa na W. Hichens mwaka 1940, tena Johannesburg, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa uchunguzi wake. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa London, safari ndefu kutoka baraza za Mji wa Kale.