Daktari wa Jicho Moja na Ramani Yake

Mhariri alipotutaka wazee wa shule tuandike habari za mtu wa sifa, wengi walichagua wanasiasa. Mimi nimemchagua Dk. Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, kwa sababu ya mtoto wa jirani yetu kule kandokando ya Ziwa Viktoria. Kwanza meno yake yalilegea. Kisha taya likavimba, jicho likasukumwa nje. Wazazi wake wakampeleka kung'olewa jino. Tulimzika kabla ya mavuno, mwaka wa 1969.

Burkitt alizaliwa Ireland mwaka wa 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali, na baadaye jicho hilo lilimnyima kazi ya udaktari Afrika Magharibi. Alifika Uganda mwaka wa 1946, akaanzia Lira.

Mwaka wa 1957 Dk. Hugh Trowell alimwita wodini atazame mtoto mwenye uvimbe pande zote nne za taya, juu na chini. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alitazama dirishani akaona mtoto mwingine wa namna hiyo hiyo, naye alikuwa na uvimbe tumboni pia. Hayo si majipu. Ilikuwa kansa.

Tusidanganyane kwamba ugonjwa ulianza siku hiyo. Dk. Albert Cook wa Mengo alikwisha kuchora wagonjwa wa aina hiyo miaka mingi kabla. Jipya la Burkitt lilikuwa swali: upo wapi, na wapi haupo? Aliandikia hospitali za serikali na za misheni, na kila jibu akalitia alama kwenye ramani. Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford, wakashika njia ya kusini hadi Afrika Kusini: maili 10,000 kwa wiki kumi, hospitali zaidi ya 50.

Ninyi vijana mnaosinzia katika somo la jiografia, sikilizeni. Karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana juu ya futi 5,000, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Kumbe siri ilikuwa joto na mvua, yaani nchi ya mbu. Burkitt akadhani mbu hueneza virusi. Hapo alipatia nusu tu. Anthony Epstein, aliyemsikia akihutubia London mwaka huo huo, aliletewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka wa 1964 yeye na wenzake wakaviona virusi vyenyewe. Lakini hivyo huenea kwa mate, na karibu kila mtu duniani anavyo. Kazi ya mbu ni malaria, ambayo ikimrudia mtoto mara kwa mara huvuruga kinga ya mwili wake.

Ninalomsifia zaidi ni kwamba, mpasuaji yule, alikubali kisu hakifai. Akajaribu dawa, na kwa watoto wengine uvimbe uliyeyuka kwa siku chache. Baadhi yao wakapona kabisa. Mwaka wa 1967 Taasisi ya Kansa ya Uganda ilianza kazi Mulago, na Waganda kama Profesa Charles Olweny wakaiendesha katika miaka migumu ya Amin. Burkitt alifariki mwaka wa 1993.

Nimerudi kwenye tarehe hizo mara nyingi. Mwaka ule wa 1969 dawa ilikuwa Kampala, ng'ambo ya ziwa lile lile tulilokuwa tukiogelea. Kijijini kwetu hata jina la ugonjwa hatukulijua.