Amani Iliyoandikwa Vitani

Wahenga walisema, wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Methali hii hutajwa sana katika habari za vita, lakini swali linaloifuata huulizwa kwa nadra: tembo wakiisha kupatana, ni nani huziuliza nyasi shauri lake? Vita Kuu vya Pili vyatupa nafasi ya kulipima swali hilo, kwani mataifa yaliyoshirikiana dhidi ya Ujerumani, Italia na Japani hayakungoja ushindi ndipo yafikiri juu ya amani.

Mwezi wa Agosti 1941, Roosevelt, Rais wa Marekani, na Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, walikutana katika manowari karibu na pwani ya Newfoundland. Walitoa tamko la mambo manane, lijulikanalo kama Mkataba wa Atlantiki. Jambo la tatu lilikiri haki ya watu wote kuchagua serikali watakayoishi chini yake. Mwezi uliofuata Churchill alilieleza Bunge lake kwamba waliyafikiria kwanza mataifa ya Ulaya yaliyotekwa na Wanazi. Maendeleo ya makoloni yalikuwa shauri jingine. Basi neno lilikuwa moja, na maana zikawa mbili.

Hata hivyo neno hilo lilikuwa limekwisha andikwa. Tarehe 1 Januari 1942 mataifa 26 yaliziridhia kanuni za mkataba huo. Mwaka 1944 wajumbe walipanga mambo ya fedha huko Bretton Woods, kisha huko Dumbarton Oaks wakabuni chombo cha kushika mahali pa Shirika la Mataifa, ambalo halikuweza kuikinga Uhabeshi na uvamizi wa Italia mwaka 1935. Februari 1945, huko Yalta, Roosevelt, Churchill na Stalin walipatana kwamba kila dola kubwa iweze kuzuia kwa kura yake maamuzi mazito ya Baraza la Usalama. Mapatano hayo hayakuwa ya haki, lakini hayakukosa sababu: Shirika la kwanza lilidhoofika kwa kukosa wenye nguvu, na la pili halingalizaliwa bila ya ridhaa yao.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulitiwa sahihi San Francisco tarehe 26 Juni 1945. Katika mataifa 50 yaliyokutana huko, ya Afrika yalikuwa manne tu: Misri, Uhabeshi, Liberia na Afrika Kusini, na hii ya mwisho ilisemewa na serikali ya Wazungu wachache. Askari wa Keya, waliotoka Afrika ya Mashariki na kupigana Uhabeshi na Burma, hawakuwa na msemaji wao katika ukumbi ule.

Lakini maandishi huweza kumshinda mwandishi wake. Kifungu cha 76 kiliagiza kwamba nchi za udhamini ziongozwe kufikia kujitawala au uhuru. Kifungu cha 87 kiliruhusu maombi ya wenyeji na ziara za wakaguzi. Tanganyika iliingia chini ya udhamini mwaka 1946. Mwaka 1955 Julius Nyerere, rais wa TANU, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York, akadai ahadi ile kwa jina la watu wake. Kenya na Unguja hazikuwa na mlango huo, kwa kuwa hazikuwa nchi za udhamini. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961.

Isidhaniwe kuwa karatasi ndiyo iliyoleta uhuru. Uhuru uliletwa na watu. Karatasi iliwapa mahali pa kusimama na neno ambalo mtawala hakuweza kulikana, maana alilitia sahihi mwenyewe. Baraza la Udhamini lilisimamisha kazi yake mwaka 1994, baada ya nchi ya mwisho iliyokuwa chini yake, Palau, kupata uhuru. Kura ya kuzuia ingali ipo. Kwa hiyo nusu ya amani ile imekwisha timizwa na wale ambao hawakualikwa kuiandika. Nusu iliyobaki ingali mikononi mwa walioiandika.