Miwani ya vumbi kwa waendesha pikipiki wanaovaa miwani ya macho: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, ina lami. Hata hivyo, safari za pikipiki haziishii kwenye lami. Kuanzia Oraba kuingia Kaya, Sudan Kusini, au kwenye njia ya Ariwara upande wa Kongo, ni moramu. Wakati wa kiangazi, hasa kati ya Desemba na Machi, lori moja likipita linatosha kumfunika mwendeshaji kwa vumbi jekundu.

Kwa mwendeshaji anayevaa miwani ya macho, tatizo ni mara mbili. Miwani ya vumbi ya kawaida haiingii juu ya ile ya daktari, hivyo wengine huvua ya daktari na kuendesha bila kuona vizuri mashimo, watoto na mifugo. Wengine hubaki na ya daktari peke yake, na vumbi na wadudu huingia kwa pembeni. Njia zote mbili zinaweza kugharimu jicho, abiria na mzigo.

Njia zilizopo

Ya kwanza, na iliyo rahisi zaidi, ni miwani ya vumbi iliyotengenezwa kuvaliwa juu ya miwani mingine. Kwenye boksi huandikwa herufi OTG. Ina nafasi zaidi ndani, na sponji yake imekatwa mianya pembeni ili mikono ya miwani ya macho ipite bila kubanwa.

Ya pili ni kipande cha lenzi zenye namba za daktari kinachopachikwa ndani ya miwani ya vumbi. Huona vizuri na hakuna fremu inayobana, lakini huagizwa maalum kwa cheti cha vipimo vya macho, na namba zikibadilika lazima kitengenezwe upya.

Ya tatu ni helmeti inayofunika uso wote, yenye kioo cha kushusha. Miwani ya macho huingia humo, lakini vumbi jembamba hupenya kwa chini. Inafaa zaidi kwenye lami kuliko kwenye moramu. Lenzi za kuweka ndani ya jicho hazifai sana kwa kazi hii, kwani punje ikinasa chini yake huweza kukwaruza jicho.

Kipimo kinaanza na miwani ya macho

Kosa kubwa ni kuchagua kwa sura au kwa jina la kampuni. Neno OTG halina kipimo kimoja: inayomtosha mtu mmoja humkataa mwingine.

Ndani ya mkono wa miwani mingi ya macho kuna namba, kwa mfano 52-18-140. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja kwa milimita, ya pili ni daraja la puani, ya tatu ni urefu wa mkono. Kwa mfano huu, lenzi mbili na daraja ni milimita 122. Bado kuna kingo za fremu na bawaba, hivyo upana kamili upimwe kwa rula kutoka ncha hadi ncha. Kimo cha lenzi nacho kipimwe.

Nafasi ya ndani ya miwani ya vumbi lazima izidi vipimo hivyo. Isipozidi, sponji itakaa juu ya fremu badala ya ngozi, na vumbi litapita hapo. Fremu ndogo yenye mikono myembamba iliyonyooka ndiyo inayokubali kwa urahisi. Aidha, lenzi za plastiki ni salama kuliko za kioo, kwa sababu kioo kikipigwa na jiwe huvunjika vipande karibu na jicho.

Majaribio dukani

Mnunuzi afike na miwani yake ya macho pamoja na helmeti yake. Utaratibu ni huu:

1. Avae helmeti kwanza, kisha miwani ya macho, mwisho miwani ya vumbi.
2. Atazame kama lenzi mbili zinagusana. Zikigusana zitakwaruzana kila pikipiki inaporuka.
3. Atikise kichwa na kutazama chini. Miwani ya macho isisukumwe puani wala kuhama.
4. Akae nayo dakika 10. Maumivu ya kipaji au nyuma ya masikio dakika hizo yatakuwa makali zaidi baada ya saa moja ya safari.
5. Apumue kwa nguvu. Ukungu ukitanda na usiondoke, hewa haipiti vya kutosha.

Ukungu ni adui mkubwa wa anayevaa miwani miwili, kwa kuwa hutanda kwenye lenzi zote. Matundu ya hewa juu na chini ya fremu yasizibwe kwa gundi wala tepu.

Lenzi na alama

Lenzi iwe ya polikaboneti, ambayo haivunjiki kirahisi. Kwa anayefanya kazi hadi usiku, lenzi isiyo na rangi ndiyo ya lazima. Ya giza ibaki ya jua kali tu. Kiwango cha Ulaya kwa miwani ya pikipiki ni EN 1938, na alama yake itafutwe kwenye bidhaa yenyewe, si kwenye boksi pekee.

Utunzaji

Vumbi la moramu hukwaruza. Lenzi isuuzwe kwa maji kwanza, ndipo ifutwe kwa kitambaa laini. Petroli isitumike, kwani huharibu polikaboneti.

Kwa wanaoingiza bidhaa

Katika orodha ya ushuru wa forodha, miwani ya kinga ipo chini ya namba 9004.90, na miwani ya jua 9004.10. Kuandika namba isiyo sahihi huleta ucheleweshaji. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, lakini cheti rahisi cha asili kwa shehena isiyozidi dola 2,000 ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Miwani iliyotengenezwa China haipati nafuu hiyo, hata ikinunuliwa Kampala au Arua.

Muuzaji anayeandika upana wa ndani kwa milimita kwenye kila boksi, na kuruhusu mteja ajaribu akiwa na helmeti yake, hupunguza bidhaa zinazorudishwa. Mteja naye huondoka na miwani atakayoivaa, si ya kuning'iniza shingoni.