Uzi Ulikuwepo Kabla ya Sindano

Ndugu mwanachama, nawe rafiki wa kikundi: katika miaka hii kumi wengi wametuona tukikaa na sindano za kufumia, wakadhani kazi ya uzi tumeletewa na wageni. Kufuma sweta ni kweli tuliletewa. Lakini uzi wenyewe ulikuwepo nchi hii kabla Kapteni Cambier, Mbelgiji, hajajenga kituo hapa Karema mwaka 1879, na kabla Mapadri Weupe hawajakipokea mwaka 1885.

Pamba ilisokotwa na kufumwa Ufipa, bonde la Rukwa na Unyamwezi. Mwingereza Richard Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka 1857 na 1858 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika habari za vitanda vya mfumi vya huko. Kazi yenyewe si mchezo. Kwanza pamba inachambuliwa mbegu kwa vidole, moja moja. Kisha inachambuliwa tena mpaka iwe laini kama povu. Halafu kijiti chembamba, chenye kigae cha chungu kilichotobolewa ili kiwe kizito, kinazungushwa kama pia ya watoto. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unavuta pamba kidogo kidogo. Ukivuta haraka, uzi unakatika. Ukichelewa, unatoka na mafundo. Basi hapo ndipo penye ufundi.

Nguo wakati ule ilikuwa pia fedha. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na kwa nguo wapagazi walilipwa na watemi walipewa hongo. Kwa hiyo mwenye uzi nyumbani alikuwa na akiba yake, hata kama hakuwa na daftari.

Mbona kazi hiyo ikafifia? Jamani, si kwa uvivu wa wazee wetu. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walileta Zanzibar kitambaa cha viwandani, ndicho watu walichokiita merikani. Baadaye vikaja kwa wingi vitambaa vya Uingereza na Bombay. Nguo iliyochukua siku nyingi kusokotwa na kufumwa ikawa inashindana na jora lililokwisha tayari. Mwaka 1897 Wajerumani wakatangaza kodi ya nyumba, na kadiri miaka ilivyokwenda kodi ikadaiwa kwa fedha taslimu. Vijana wakaenda kutafuta vibarua mbali. Kijiti kikabaki darini.

Sindano zilikuja na misheni na shule zake. Wasichana wakajifunza kushona, kudarizi na kufuma, na ufundi huo ukapita kwa mama hadi kwa binti. Ndio tunaoutumia leo kwa sweta za watoto wachanga na vitambaa vya makochi. Tofauti ni moja: bibi alianza na pamba ya shambani, sisi tunaanza na uzi wa dukani.

Na tofauti hiyo inatugharimu. Ukiondoa bei ya uzi na nauli, faida ya sweta moja inabaki kiduchu. Wakati huohuo mkoa wetu wa Katavi unalima pamba, nayo inaondoka kwa marobota.

Hatusemi turudi wote kwenye kijiti. Uzi wa mkono ni wa polepole, na uzi wa pamba hauvutiki kama sufu. Tena ukifumia uzi wa mkia mmoja, kazi inapinda upande. Sharti usokote miwili pamoja. Lakini mambo mawili yako ndani ya uwezo wetu: kununua uzi kwa jumla kwa mfuko wa kikundi badala ya kila mmoja kununua kivyake, na kukaa na wazee wanaokumbuka kusokota kabla hawajatutoka. Ujuzi ukizikwa, hakuna mkopo wa kuukomboa.

Nyuzi moja ya pamba hukatika kwa pumzi. Zikisokotwa pamoja, hubeba mtoto mgongoni. Hisa zetu nazo ni hivyo hivyo.